Mimi ni Mbumbumbu

Zamani nilikuwa naingia kwenye hifadhidata kwa mkato: mysql -u root -p, nenosiri, nimo ndani. Yale machaguo marefu yanayoanza na vistari viwili niliyaona kama maandishi madogo kwenye karatasi ya dawa. Nani huyasoma?

Ijumaa moja jioni mteja aliomba tumbadilishie namba ya simu. Nikaandika UPDATE, nikaingiza namba, na kwa haraka ya kuwahi daladala nikafunga amri kwa nuktamkato kabla ya kuandika WHERE, sehemu inayotaja rekodi ipi ibadilike. Jibu lilikuja bila kelele: Query OK, rekodi zaidi ya elfu sita zimebadilika. Wateja wote wakawa na simu moja.

Tulirudisha nakala ya usiku uliotangulia, na mabadiliko ya siku hiyo tukayatafuta kwenye fomu za karatasi hadi saa nne usiku. Mkuu wangu, tuliyemwita Mzee ingawa hakuwa amefika arobaini, hakufoka. Aliniambia tu nitoke, niingie tena kwa kuandika mysql --i-am-a-dummy. Yaani, mimi ni mbumbumbu. Nilijua ananitukana. Kumbe ni chaguo halali, waliloliweka waundaji wa MySQL wenyewe! Jina lake la heshima ni --safe-updates, na kifupi chake -U. Ukiingia nalo, UPDATE au DELETE isiyotumia ufunguo kwenye WHERE wala LIMIT hugonga ukuta: kosa namba 1175. SELECT isiyo na LIMIT nayo hukomea rekodi 1,000.

Mwanzoni niliandika -U pale tu Mzee alipokuwa nyuma yangu. Baadaye nikaiweka kwenye faili la .my.cnf, chini ya [mysql], iwake yenyewe. Hapo hapo nikaongeza prompt inayoonyesha jina la seva, maana madirisha mawili yanayosema mysql> hayakuambii lipi la majaribio na lipi la wateja. Hata hivyo -U si malaika. Ukiandika id=51 badala ya 15, inakupitisha bila swali, ndiyo maana siku hizi naanza na START TRANSACTION, ili nikikosea niweze kurudi nyuma.

Juzi nilikaa kwenye kompyuta ya kijana mmoja wa ofisini, ambayo haina faili langu. Nikaandika lile jina la mbumbumbu, herufi kwa herufi. Akacheka sana. Nikamwacha acheke, nilikuwa kwenye seva ya wateja.