Betri yangu ilizima jeneza likiwa bado halijashuka

Wadau, leo sina video ya kuchekesha. Nataka kuwaambia vile nilirudishia familia moja pesa yao yote, na vile programu moja ndogo ya bure ingeniokoa kama ningeijua wiki moja mapema.

Wengi mnanijua kwa video za Dunga na samaki, lakini hizo hazilipi nyumba. Kinacholipa ni matanga. Hapa kwetu mzee akifariki, nusu ya watoto wako Nairobi, mmoja Minnesota, mwingine Qatar, na si wote watapata nauli au ruhusa ya kazi. Kwa hivyo familia inatafuta kijana mwenye kamera na laptopu arushe mazishi laivu. Huyo kijana ndiye mimi.

Siku hiyo tulikuwa Asembo, boma liko karibu na ziwa kabisa. Stima hakuna. Jenereta ni moja, na mwenye spika ndiye ameishika. Sikujali, betri ilikuwa inasoma asilimia 100. Hotuba zikaanza: wakwe, kanisa, chama, na mheshimiwa mmoja aliyeomba dakika mbili akala nusu saa. Baada ya saa moja na robo, jeneza likiwa linabebwa kutoka kwa hema, skrini ikawa nyeusi. Nilikimbia kwa jenereta na chaja mkononi. Niliporudi hewani, watu walikuwa wanafukia udongo.

Usiku binti ya marehemu akanipigia kutoka huko aliko. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kaka, walimshusha vizuri?" Nikamwambia ndiyo dada, walimshusha vizuri. Kesho yake nikarudisha pesa, na mpaka leo nikikumbuka hilo swali naona bado nina deni.

Sasa, asilimia 100 ya nini? Hilo ndilo swali sikuwa nimewahi kujiuliza. Mashine yangu ni ThinkPad T480, ex-UK, iliyofanya kazi ofisini ya mtu miaka kadhaa kabla ya kunifikia. Inatumia Linux Mint. Ina betri mbili: moja ndani, nyingine nyuma ya kutoa na kurudisha. Zangu zilitoka kiwandani zikiwa na Wh 24 kila moja, jumla 48. Nikasakinisha TLP, nikaiuliza hali ya betri, na ikanipa ukweli bila huruma: ya ndani imebaki na 17, ya nje 13. Ile 100 niliyokuwa najivunia ilikuwa 100 ya 30. Ni kama gorogoro ya Kibuye iliyopondwa chini. Imejaa hadi juu, lakini nyumbani unga hautoshi.

Na sehemu ya hiyo kuponda niliifanya mimi. Laptopu ilikuwa inalala kwa chaja usiku na mchana, juu ya godoro, na mnajua joto la Kisumu. Baba mdogo wangu, anayevua omena usiku kwa taa za betri, ndiye alinifundisha: betri ikae imejaa kila wakati. Naye muuza simu aliniambia nimalize chaji yote kwanza ndio nichaji. Kumbe wote walikuwa na haki, ila kwa betri nyingine. Betri ya risasi, kama ile ya baba mdogo, kweli huharibika ikiachwa tupu. Ushauri wa kumaliza chaji ni wa enzi za betri za nikeli. Ya laptopu yako ni ya lithiamu, aina ambayo Sony ilianza kuuza mwaka 1991, na wanasayansi watatu waliochangia kuivumbua wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Hiyo haipendi kukaa tupu, na haipendi kukaa imejaa pomoni kwenye joto. Inapenda katikati.

Hapo ndipo TLP inaingia. Ni kazi ya Thomas Koenig, ni ya bure, na haina dirisha la kubofyabofya. Haikai nyuma ikila RAM pia. Inaamka ukichomeka chaja au ukichomoa, inabadilisha mipangilio, inatulia. Nilifanya hivi:

1. Niliandika sudo apt install tlp. Kama una power-profiles-daemon, iondoe, hizo mbili hazielewani.

2. Nikafungua faili /etc/tlp.conf. START_CHARGE_THRESH_BAT0 nikaiweka 75 na STOP_CHARGE_THRESH_BAT0 nikaiweka 80, kisha nikafanya hivyo hivyo kwa BAT1. Maana yake: nikiwa nyumbani kwa chaja, betri inasimama 80, na haianzi tena mpaka ishuke chini ya 75.

3. CPU_BOOST_ON_BAT nikaiweka 0. Nikiwa kwa betri prosesa haitaki sifa. Nikiwa kwa stima, ninakata video, iko huru kukimbia.

4. Nikamaliza na sudo tlp start, halafu sudo tlp-stat -b kuhakikisha.

Jambo la tano si la TLP, lakini ndilo lililosaidia zaidi. Kwa OBS nilikuwa nabana video kwa prosesa yenyewe. Nikahamishia kwa VAAPI, yaani sehemu ya grafiki inayojua kazi hiyo, na nikapunguza mwanga wa skrini. Mashine ilikuwa inakula wati 24; ikashuka hadi 14. Hesabu ni yako: 30 kwa 24 ni saa moja na robo, 30 kwa 14 ni saa mbili na dakika kadhaa. Betri ni zile zile.

Sitawadanganya, TLP haifufui betri. Zile Wh 18 zilizopotea zimeenda. Na kazi iliyofuata nusura niharibu tena, kwa sababu nilisahau kikomo changu mwenyewe nikafika matangani na 80. Siku hizi usiku wa kuamkia kazi naandika sudo tlp fullcharge BAT0, ikijaa namalizia na BAT1. Pia nimeanza kuweka akiba ya betri ya nje ya Wh 72, maana T480 unaweza kubadilisha ya nyuma mashine ikiwa inaendelea kwa ile ya ndani.

Kama uko na ASUS ya gemu na Windows, tafuta G-Helper: faili moja, ina Silent, Balanced na Turbo, na kikomo cha chaji pia. Mashine nyingine zina kikomo ndani ya mipangilio yao. Tafuta ya kwako leo.

Maoni yangu ni haya. Sisi tunanunua vitu vilivyotumika, halafu kikisumbua tunaambiwa dawa ni kununua kipya. Mimi chuo kilinishinda na sina pesa ya kipya, lakini kusoma nilichonacho hakuniulizi karo. Omera, fungua hiyo laptopu, ujue asilimia 100 yako ni ya ngapi. Usingoje kuijulia kando ya kaburi la baba wa mtu.