Ua la Usambara Katika Vumbi la Kizota

Msafiri anayeingia Dodoma kwa barabara ya Singida huipita Kizota kabla hajauona mji wenyewe. Ataona maghala makubwa ya nafaka ya taifa, malori yanayosubiri kushusha mahindi, viwanda, na nyumba zetu za matofali na mabati. Akija mwezi wa Agosti ataliona na vumbi pia. Upepo wa Ugogo huamka mapema kuliko sisi. Mama akifuta meza saa mbili asubuhi, ikifika saa nne watoto wanaweza kuandika majina yao juu yake kwa kidole.

Ndiyo maana, mpenzi msomaji, akina mama wengi wa hapa wamekata tamaa ya kuwa na maua hai ndani ya nyumba. Kikundi chetu cha kanisa, ambacho wengine wetu ni wauguzi, huwatembelea wagonjwa na wazazi waliojifungua, na karibu kila sebule tunayokaribishwa tunakuta maua ya plastiki juu ya kabati la vyombo. Hatuwalaumu wenye nyumba. Maji ya bomba huja kwa zamu, na mama mwenye ndoo sita za kumfikisha kesho kutwa atafikiria kwanza nguo za mtoto na sufuria ya maharage.

Hata hivyo, lipo ua moja linaloridhika na kikombe kimoja cha maji kwa wiki au kidogo zaidi. Halitaki jua kali, halihitaji bustani, na chungu chake hakizidi bakuli la uji. Zaidi ya hayo, ni ua la nchi yetu wenyewe. Jina lake la kitaalamu lililozoeleka ni Saintpaulia. Wajerumani mpaka leo huliita kwa jina la Usambara, nasi tutafanya vivyo hivyo. Majani yake ni mazito na ya mviringo, yenye vinyweleo laini kama sikio la mwanambuzi, nayo hujipanga kama sahani. Katikati ya sahani hiyo huchomoza maua madogo ya zambarau yenye kiini cha njano.

KWAO NI WAPI?

Mwenye kulea mtoto aliyetoka mbali huuliza kwanza huko alikotoka walikuwa wakiishije. Sisi tulipata nafasi ya kuliona ua hili nyumbani kwake tulipomsindikiza mwenzetu mmoja kwenye msiba wa mama yake wilayani Muheza. Kutoka Dodoma tulipanda basi hadi Morogoro, tukapita Chalinze na Segera, tukashuka Muheza. Baada ya maziko tulikuwa na siku moja ya kupumzika, basi wenyeji wakatupandisha milimani hadi Amani, katika hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 1997.

Huko miti imefunga anga. Jua hufika chini likiwa vipande vipande, na mwamba hutoa jasho kama mtungi mpya. Mwongoza wageni alituonyesha ua limejishikiza katika ufa wa jiwe lenye kuvu ya kijani, na udongo wake wote haujai kiganja. Tuliangalia kwa makini tukaondoka na mambo matatu: linakaa kivulini lakini si gizani, hewa yake ina unyevu, na mizizi yake hupata maji kila mara bila kusimama majini, kwa sababu jiwe halituamishi maji.

Pengine utadhani Amani kuna ubaridi kwa sababu ni juu sana kuliko kwetu. Sivyo. Amani iko kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, na Dodoma imezidi mita 1,100. Tofauti ni mvua. Pepo za Bahari ya Hindi zikiifikia milima ya mashariki hulazimika kupanda, hupoa, na kumwaga maji yake huko. Amani hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Sisi huku nyuma ya milima hupata kiasi cha milimita 550 hadi 600, nazo huja kati ya Novemba na Aprili tu. Ndugu za ua hili huota pia Uluguru, Nguru na Ukaguru. Kwa hiyo milima ileile inayotuzuilia mvua ndiyo inayolihifadhi ua hili.

SAFARI YAKE DUNIANI

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, alilipeleka ua hili kwa baba yake huko Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, alilielezea kitaalamu na kulipa jina la ukoo wa hao wawili. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles walianza kuzalisha aina mpya, na leo zipo aina maelfu, nyeupe, waridi, na zenye maua yaliyojikunja kama kitambaa cha pindo. Mwaka 2015 wanasayansi walilihamishia katika jenasi ya Streptocarpus, lakini wauzaji na walezi wake wameendelea na jina la zamani.

Basi mama wa Hannover au Chicago analo dirishani kwake, naye mama wa Tanzania, nchi lilikozaliwa, mara nyingi hajawahi kusikia habari zake.

KULITUNZA HAPA KWETU

Mahali. Liweke karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi, nyuma ya pazia jepesi. Jua la mchana la Dodoma huunguza majani yake yakawa na madoa ya kahawia. Kama nyumba yako haina dari, usiliweke juu ya kabati, kwani joto la bati hukusanyika juu. Stuli au meza fupi ni bora. Ua hili hupendelea nyuzi 18 hadi 27, na usiku wa Juni na Julai kwetu hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Miezi hiyo lisogeze mbali na dirisha kabla ya kulala.

Maji. Usimwagie majani, hasa maji ya baridi, kwa sababu hutoa madoa yasiyofutika, na yakituama katikati ya sahani ya majani, moyo wa mmea huoza. Gusa udongo kwa kidole. Ukiwa bado na unyevu, acha. Ukiwa mkavu juu, weka chungu ndani ya sahani yenye maji yaliyokaa ndani ya nyumba hadi yakapoteza ubaridi. Subiri nusu saa mmea unywe kutoka chini, kisha mwaga yaliyobaki. Maua mengi ya aina hii hufa kwa kuzidishiwa maji kuliko kwa kiu, hata huku kwetu kwenye ukame.

Tena, maji mengi ya visima vya huku yana chumvi, kama unavyoona utando mweupe ndani ya birika la chai. Utando huohuo hujikusanya kwenye ukingo wa chungu na kuunguza mashina ya majani. Maji ya mvua ndiyo mazuri. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, halafu kinga inayofuata katika dumu safi lenye mfuniko. Dumu moja la lita 20 hulitosha ua moja kwa miezi mingi ya kiangazi.

Hewa. Weka changarawe katika sahani pana, tia maji kidogo, na ukae chungu juu ya mawe bila kugusa maji. Mvuke unaopanda huliondolea ua ukavu wa Ugogo.

Udongo. Udongo mzito peke yake huganda ukabana mizizi. Changanya sehemu moja ya mchanga mnene wa korongoni uliooshwa vizuri, sehemu moja ya udongo mweusi, na sehemu mbili za majani yaliyooza, pamoja na vipande vidogo vya mkaa. Kopo lolote linafaa, mradi limetobolewa chini.

Vumbi. Usifute majani kwa kitambaa chenye maji. Yapanguse taratibu kwa brashi laini, kama ile ya nywele za mtoto mchanga, ukishikilia jani kwa chini kwa mkono wa pili.

KUZALISHA KWA JANI MOJA

Huhitaji kununua mche. Mwombe mwenye nalo jani moja zima, si la nje kabisa lililozeeka wala la katikati lililo changa. Kata shina lake mshazari, liache na urefu wa sentimeta 3 au 4, lichomeke katika mchanga wenye unyevu, kisha lifunike kwa chupa ya maji inayoonyesha ndani, iliyokatwa kitako. Liweke penye mwanga pasipo jua. Baada ya miezi miwili hivi utaona vitoto vikichungulia shinani. Vikiwa na majani manne vitenganishe. Maua ya kwanza huja kati ya mwezi wa 6 na wa 12, kwa hiyo jipe subira.

MANENO YA MUUGUZI

Sahani yenye maji ni mazalia ya mbu. Mbu anayeeneza homa ya dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga mayai kwenye vyombo vidogo kama hivi, na mayai hunata ukingoni. Kila baada ya siku tatu mwaga maji, sugua sahani na changarawe, kisha weka mengine. Yale ya zamani yamwagie mchicha.

Ua la Usambara halijulikani kuwa na sumu kwa watoto wala kwa paka. Si mimea yote ya nyumbani iliyo hivyo. Ule mrefu wenye majani mapana ya kijani yaliyotiwa mabaka meupe, uitwao dieffenbachia, una utomvu unaovimbisha ulimi na koo. Utomvu wa minyaa ya uzio huumiza macho vibaya. Mwenye mtoto anayetambaa auweke ule wa kwanza mbali, na huu wa pili asiuvunje mbele ya watoto.

JANI LA MUHEZA

Yule mwenzetu tuliyemsindikiza kwenye msiba alihamia Kizota mwaka 2017, ofisi ya mume wake ilipohamishiwa Dodoma. Wake wa watumishi waliokuja miaka ile wanaielewa hali yake. Jirani yake, bibi wa Kigogo, alimwamkia “mbukwa” kila asubuhi, naye aliitikia kwa kichwa tu akaingia ndani. Alituambia alijiona kama mzigo ulioshushwa kituo kisicho chake.

Siku ya kuondoka Muheza alikata majani matatu kwenye chungu kilichokuwa dirishani pa marehemu mama yake, akayafunga kwa kitambaa chenye maji, akayatia katika kopo la chakula. Wakati huo kaka zake walikwisha kukubaliana kuiuza nyumba ile. Leo wanakaa watu wengine. Jani moja lilioza. Mawili yalishika, na bibi wa jirani ndiye aliyempa dumu la kwanza la maji ya mvua, akamfundisha na namna ya kulifunika lisiingie wadudu. Ua lilipochanua mara ya kwanza, alimwita bibi huyo kabla ya kutuita sisi.

Tangu hapo kila mwaka anakata majani machache. Mama mgeni akihamia mtaani kwetu, tunapokwenda kumkaribisha tunambebea unga, sabuni, na kopo moja lenye jani. Wengine hawayawezi, yakanyauka, nasi huwapelekea jingine. Tumeona kuwa mwenye jani hupata sababu ya kubisha hodi kwa jirani: kuuliza kama limeoza au linaota, kuomba mchanga, kuazima brashi.

Tunaomba jambo moja. Usichume ua hili porini. Misitu ya Usambara imekatwa sana kwa mashamba na kuni, na baadhi ya aina za mwituni zimebaki katika sehemu ndogo tu, zikikabiliwa na hatari ya kutoweka. Mwamba ukikosa kivuli hukauka, na ua hufa hata kama hakuna aliyeligusa. Jani kutoka chungu cha rafiki linatosha, na msitu unabaki na mali yake.

Akina mama, mvua za Novemba zikikaribia, andaeni dumu. Mwenye ua amkatie jani jirani yake, na asiye nalo asione haya kuomba.