Rudia Tena, Sijakupata

Wasee, swali moja kabla hamjapita. Mara ya mwisho mtu alikuambia kitu na hukumskia vizuri, ulifanya nini? Wacha nikisie. Ulisema "eeh, sawa," ukacheka kidogo, ukaenda zako. Sisi wote tumelelewa hivyo. Mwalimu anauliza "mmeelewa?" na darasa zima linaitika "ndiooo," na hakuna mtu ameelewa kitu. Kwa simu tunasema "niko hapo Roysambu, dakika tano," na bado tuko kwa kitanda tunatafuta soksi.

Sasa chukua hiyo tabia uipeleke futi 9,000 juu, kwa wingu jeupe huoni hata ncha ya bawa, na mtu anakusomea namba kumi kwa pumzi moja. Hapo ndipo cuzo wangu alikuwa amekwama.

Yeye tayari ana leseni ya rubani wa kibinafsi. Sasa anasomea IFR, yaani kurusha ndege kwa kutazama vyombo tu bila kutegemea macho. Kurusha si shida yake, mikono iko sawa kabisa. Shida ilikuwa redio. Kwenye IFR hujiamulii tu, waongozaji wa ndege wanakupa kibali: mwisho wako ni wapi, njia gani, urefu gani, masafa gani ya kuita baadaye, na kodi ya namba nne ya kuweka kwa transponda ndio wakuone kwa rada. Halafu unawarudishia kile walichosema, namba kwa namba. Ukikosea, wanakurekebisha. Ukinyamaza, hapo sasa hakuna anayejua uliskia nini.

Na kila saa moja ya hiyo Cessna inameza rent yangu ya miezi miwili. Shangazi aliuza kiploti chake ndio huyu msichana asome. Kwa hivyo mambo ya redio hayawezi kungoja yafanyiwe hewani, ni lazima yaivie nyumbani, chini, bure.

Mimi nina maikrofoni na nina wakati (campus niliacha mwaka wa pili, hiyo story mnaijua, sirudii). Nikawa mnara. Nilirekodi vibali vya kujifanya, nikaviediti kwa kasi tatu: pole, kawaida, na ile ya mtu amechoka anataka kwenda nyumbani. Juu yake nikaweka kelele. Kelele yenyewe niliitoa ndani ya matatu ya Rongai, na niamini, hakuna redio ya ndege itakushinda kama umeweza kuskia kitu pale. Yeye anakaanga chapati, mimi nabonyeza, na yeye lazima achukue karatasi aandike halafu arudie. Alijitengenezea ufupisho wake: herufi moja kwa mahali, mshale kwa kupanda, duara kwa kodi. Kodi ni rahisi kidogo kwa sababu inatumia tarakimu 0 hadi 7 tu. Ukiandika 8, ujue umeskia vibaya.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba hii si Kingereza ya kuongea kwa pua. Tuna hii kasumba Kenya, ukiongea kama umelelewa majuu basi wewe ndio uko smart. Kwa redio hiyo haina kazi. Shirika la ICAO linataka marubani wa safari za kimataifa wafike kiwango cha 4 cha Kingereza kati ya 6, na lafudhi yako ya Murang'a au ya Siaya inaruhusiwa bora watu wakuelewe. Hata maneno yenyewe yamekunjwa makusudi. Tisa ni "niner" ndio isichanganywe na tano. Tatu ni "tree". Mtu akitamka hivyo kwa mtaa utamcheka, lakini kwa redio huyo ndiye anajua kazi.

Na kuna maneno mawili ambayo ni halali, yako kwa kitabu, yamekubaliwa dunia nzima: "say again." Hakuna pole, hakuna kujieleza.

Cuzo alikuwa anayaogopa hayo maneno kuliko dhoruba. Aliona akisema hivyo, kila rubani kwa hayo masafa atajua yeye ni mgeni.

Mwalimu wake ndiye alipendekeza Mombasa. Kwenda, kula lunch, kurudi, na redio yote ni ya cuzo. Yeye mbele kushoto, mwalimu kulia, mimi nyuma na hedseti iliyonibana masikio, nimekatazwa kuongea.

Wilson asubuhi ni kama Muthurwa. Kila mtu anataka kuongea, na redio ni moja. Wawili wakibonyeza pamoja hakuna anayeskika, ni mlio tu. Kwa hivyo unaskiza kwanza, unangoja mwanya, unasema unamwita nani, wewe ni nani, uko wapi, unataka nini. Basi. Juu ya Nairobi National Park nilinyamaza hata moyoni. Machi 2024, ndege ya mafunzo na ndege ya abiria ziligongana hapo. Ile kubwa ilirudi Wilson salama, watu wawili waliokuwa kwa ile ndogo walifariki. Ndio maana shangazi hali kitu mpaka apate meseji ya "tumetua."

Baadaye mwalimu akamvisha cuzo miwani maalum yenye ukungu upande wa juu, anaona vyombo pekee. Kwa hivyo Kilimanjaro ilipita upande wa kulia, nyeupe kichwani, juu yetu kabisa hata tukiwa futi 9,000, na msichana aliyelipiwa shamba zima hakuiona. Nilitaka kulia na kucheka.

Kukaribia Mombasa mambo yakaanza kumiminika. Shuka hadi futi fulani, elekea huku, kipimo cha hewa hiki, umeruhusiwa kukaribia barabara ya 03, toa ripoti ukishika mstari. Yote kwa sentensi moja. Akarudia vizuri, lakini kile kipimo cha hewa akakimeza. Hiyo si namba ya kupuuza. Ndiyo inaambia chombo chako uko juu kiasi gani, na ukikosea kwa hektopaskali 10 uko karibu futi 300 mbali na ukweli. Kwa wingu, futi 300 ni kilima.

Kimya. Niliona mabega yake yamepanda. Mwalimu hakumsaidia, alitazama dirisha kama abiria wa basi.

Halafu akabonyeza: "Say again QNH."

Mnara ukamsomea tena, sauti ileile, bila hasira. Akarudia. Kwisha. Hiyo ndiyo drama yote iliyokuwa inamnyima usingizi, sekunde sita.

Tulikula Magongo, kwa mama mmoja. Biriani, samaki wa kupaka, madafu. Kijana aliyetuhudumia hakuandika kitu, alisikiza tu halafu akasema: "Biriani ya kuku mbili, samaki mmoja, maji moja baridi, mbili si baridi." Mwalimu akamtazama cuzo. Cuzo akasema, "Usiseme kitu, Kapteni." Samaki, kwa taarifa yenu, ilikuwa tamu kuliko maelezo.

Hapo mezani ndio mwalimu alituambia juu ya Avianca 52. Januari 1990, New York, ndege imezungushwa angani kwa muda mrefu, mafuta yanaisha. Rubani msaidizi aliambia waongozaji kwamba mafuta yanaisha, lakini neno "emergency" halikutoka. Hakuna aliyewapisha kama watu walio hatarini. Ilianguka Long Island, watu 73 wakafa. Mimi nilifikiria ni mara ngapi nimesema "niko sawa" na rent imenishinda. Nikaongeza ndimu kwa samaki.

Kurudi, aliongea mpaka Wilson. Aliomba kurudiwa mara mbili tena, na mara ya pili sikuskia hata akisita. Kisha tukamtumia shangazi meseji.

Mtihani wake ni mwezi ujao. Jumanne nampelekea rekodi zingine kumi na mbili. Amesema niongeze kelele.