Vidonge Vyeupe

Katika mtaa wa Chinsapo, jijini Lilongwe, aliishi mama mmoja mzaliwa wa Bukavu, aliyetoka kambi ya Dzaleka ili auze vitenge. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 15, alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Siku moja kijana akaanza kuchechemea, akilalamikia maumivu ya nyonga yaliyoshuka hadi gotini.

Jirani mwema (na majirani wema ndio waponzao mara nyingi) akamwelekeza mama kwa mchuuzi wa dawa sokoni. Vidonge vile vidogo vyeupe vilikuwa vya ajabu: siku ya tatu maumivu yakatulia, hamu ya chakula ikarudi, na baada ya majuma machache uso wa kijana ukawa mviringo kama mwezi. Mama akamshukuru Mungu. Miezi minne baadaye kijana hakuweza kuvaa suruali bila kushikwa mkono.

Hospitalini, picha ya eksirei ilionyesha kichwa cha mfupa wa paja kimeanza kubonyea. Daktari akasoma jina kwenye pakiti: deksamethasoni.

Mfupa, mfano wa shamba la mpunga, huishi kwa mifereji yake. Chembe za damu zilizopinda kama mundu huiziba mishipa myembamba. Mfupa ukikosa damu hufa, kisha huporomoka kwa uzito wa mwili. Deksamethasoni huokoa maisha ikitolewa na mganga, lakini ikimezwa kwa wingi na kwa muda mrefu huharibu ulishaji uleule wa mfupa, huku ikificha maumivu. Pombe ya kupindukia nayo huweza kuua mfupa, jambo ambalo waume wengi hawapendi kulisikia.

"Daktari, hakuna dawa ya kuufufua?"

Hakumdanganya. Dawa kama alendroneti zimejaribiwa, na matokeo yake yamepingana. Kijana alipewa magongo, dawa ya maumivu, na haidroksiyurea. Uchunguzi ulioanza mwaka 2014 katika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, kwa watoto wapatao 600, ulionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza maumivu, malaria na vifo. Hata hivyo haijengi upya nyonga iliyokwisha kuharibika. Vile vidonge vyeupe havikukatwa ghafla, maana mwili uliovizoea huweza kuzimia. Daktari alivipunguza kidogo kidogo.

Mwaka 2023 wakimbizi waliamriwa kurejea Dzaleka. Mama alifungasha vitenge, akayalaza magongo juu yake, na kadi ya kliniki akaifunga katika pindo la nguo yake.