Kalenda Yetu Ilikuwa Sikukuu

Jumapili ya tarehe 27 Machi 2022, kijana wa Asmara aitwaye Biniam Girmay alishinda mbio za baiskeli za Gent–Wevelgem nchini Ubelgiji, Mwafrika wa kwanza kuzishinda. Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya Tour of Flanders, mbio ambazo Wabelgiji huzisubiri mwaka mzima. Kijana alikuwa na miguu ya kuogopwa, na kila mtu akauliza kwa nini asibaki. Girmay akapanda ndege akarudi Eritrea kwa mkewe na binti yao mdogo. Ratiba yake ilipangwa hivyo kabla ya ushindi, na ushindi haukuibadilisha.

Nakiri nilikasirika. Nimepita miaka sabini, na katika ujana wangu mwendesha baiskeli mwenye nguvu hakukataa mashindano. Nilimlaumu moyoni kwa siku kadhaa, kama mwanangu wa kumzaa. Halafu tarehe 17 Mei, katika hatua ya kumi ya Giro d'Italia, nikamwona Girmay, mtu aliyepumzika, aliyekula kwao, akimshinda Mathieu van der Poel mjini Jesi. Ndipo nikaanza kuwaza upya juu ya kizazi chake na kizazi changu.

Sisi tulioshindana miaka ya 1970 huku Bonde la Ufa, kalenda yetu ilikuwa sikukuu. Ikikaribia sikukuu ya taifa, au tajiri fulani akijitolea kutoa zawadi ya gunia la sukari na tairi mbili, habari zilimfikia fundi wa baiskeli kwanza, naye ndiye aliyetupasha. Pengine tulipata siku kumi za kujiandaa, pengine mbili. Barabara ilikuwa ileile, kutoka mjini hadi njia panda na kurudi. Baada ya hapo, kimya cha miezi. Mwaka mmoja zilikuja mbio tatu ndani ya wiki tatu. Nikaziendesha zote, maana sikujua nyingine zingekuja lini. Goti la kushoto nililoliumiza mwezi ule huniamsha hadi leo asubuhi za baridi.

Tuliona huo ndio uanaume, na mashujaa wetu wa mbali walitutia moyo. Tulisimuliana habari za Jacques Anquetil wa Ufaransa, ambaye mwaka 1965 alishinda mbio za Dauphiné, akakimbilia ndege hadi Bordeaux, na usiku uleule akaanza safari ya zaidi ya kilomita 500 kwenda Paris, akashinda tena. Tulimhusudu Eddy Merckx, aliyetwaa Giro, Tour de France na ubingwa wa dunia katika mwaka mmoja wa 1974. Tulidhani siri yao ni kutochoka. Hatukuona kwamba nyuma yao kulikuwa na kalenda iliyotulia kama majira ya mkulima. Machi ni Milano–Sanremo, karibu kilomita 300. Aprili ni barabara za mawe za Flanders na Roubaix, kisha vilima vya Liège. Mei ni milima ya Italia, Julai ni Ufaransa, na majani yakianza kuanguka ni Lombardia. Hata Vuelta ya Uhispania ilipohamishwa mwaka 1995 kutoka Aprili hadi Septemba, timu zote zilijua mapema na zikajipanga. Merckx alijua mwaka mmoja kabla atapimwa kwa nini na lini. Mimi nilikuwa namngojea fundi wa baiskeli.

Kikaja kizazi cha Tour de France peke yake. Bingwa alifichwa mlimani, akaonekana Julai, akatoweka. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyelelewa kibaiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda Tour mara nne kwa kuufinyanga mwaka mzima uelekee wiki tatu hizo. Nilimshangilia kila mara. Lakini nilipomwona mwaka 2018 akithubutu kwenda Giro kwanza, akaishinda, kisha akawa wa tatu Ufaransa, nilifurahi kuliko ushindi wake wowote wa Julai. Moyo wangu ulikuwa unataka mchanganyiko wa mbio.

Mchanganyiko huo haupangwi kirahisi, na hapa ndipo ninapowavulia kofia wanaopanga ratiba za timu kubwa. Chukua wiki moja tu ya Machi. Paris–Nice inakwenda Ufaransa na Tirreno–Adriatico inakwenda Italia, siku zilezile. Timu ina waendeshaji wapatao thelathini. Saba wako huku, saba wako kule, kila upande na basi lake, mafundi wake, mpishi wake. Wengine wako juu ya mlima Teide wakizoesha damu yao hewa nyembamba kwa ajili ya Giro, na ukiwashusha mapema umewapotezea wiki tatu. Mmoja ana homa. Mwingine amevunjika mtulinga. Mwembamba wa milimani humpeleki kwenye mawe ya Roubaix apigwe kama mahindi kwenye kinu, ila kama ni kijana, huenda ukampeleka kwa makusudi mara moja, ajifunze kukaa ndani ya kundi likiwa na hofu. Na juu ya yote kuna alama. Timu za daraja la juu hupimwa kwa miaka mitatu, na zinazobaki nyuma hushushwa. Astana waliuanza mwaka 2025 wakiwa hatarini kabisa, wakawatawanya watu wao katika mbio ndogondogo ambazo wakubwa huzidharau, wakajiokoa.

Sasa tazama alivyopanga Tadej Pogačar mwaka huohuo: mawe ya Flanders alishinda, Roubaix akawa wa pili, Liège akashinda, Tour de France akashinda. Vuelta akaiacha. Akaenda Kanada katikati ya Septemba, kisha Kigali. Merckx alikuwa akishindana zaidi ya siku mia kwa mwaka. Huyu hufika takriban nusu ya hizo, na bado anagusa kila aina ya barabara. Kizazi hiki kimerudisha mchanganyiko, lakini kimekataa wingi. Ndicho tulichokosa sisi: tulikuwa na uchache bila mchanganyiko, na ulipokuja wingi ukatuvunja.

Tarehe 28 Septemba 2025 nilikuwa Kigali, nimesimama kando ya mawe ya Kimihurura. Ubingwa wa dunia wa barabarani ulikuwa umefika Afrika kwa mara ya kwanza. Kilomita 267.5, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Jonas Vingegaard, aliyeshinda Vuelta wiki mbili kabla, hakuwepo. Pogačar alishinda. Umati uliwashangilia vijana wa Rwanda hadi sauti zikakauka, lakini wengi wa vijana wa ukanda wetu waliachwa mapema, na niliumia.

Sikubali kwamba walikosa miguu. Wamezaliwa milimani, wengine wamebeba ndizi na magunia ya viazi kwenye baiskeli tangu utoto. Wana Tour du Rwanda kila mwaka mwishoni mwa Februari, siku nane za kiwango cha juu. Baada ya hapo? Wachache hupata Ulaya. Wachache huenda Maasai Mara kushindana kwenye vumbi katika Migration Gravel Race. Waliobaki wanarudi kungojea sikukuu, kama sisi. Kijana aliyeng'ara Februari hana cha kumjenga Mei, wala hakuna anayemwambia apumzike Novemba, kwa kuwa hakuna anayejua Januari ina nini. Miaka hamsini imepita na tumewarithisha kungojea kulekule.

Viongozi wa vyama vya baiskeli vya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, sina cheo cha kuwaamuru, nina goti bovu na mapenzi. Kaeni meza moja kabla ya Desemba. Pangeni mbio za tambarare Pwani, za milima Kigezi na Rungwe, za vumbi, na za mtu mmoja dhidi ya saa, ambazo vijana wetu karibu hawazijui kabisa. Msigonganishe tarehe. Acheni miezi miwili wazi ili mtu akae na watoto wake bila kuitwa mvivu. Kisha itangazeni kalenda hiyo, na mkishaitangaza msiibadilishe.