Roho Juu Mjini Tanga

Kutoka Likoni hadi Tanga ni safari ya asubuhi moja, ikiwa feri haikuchelewa na foleni ya mpakani si ndefu. Unapita Ukunda, unapita Msambweni, unaiacha miwa ya Ramisi nyuma yako, hata ufike Lunga Lunga. Hapo unagongewa muhuri, unabadilisha shilingi kwa shilingi, na ng'ambo ya pili, Horohoro, dunia ni ile ile isipokuwa mahamri yamekuwa maandazi. Kisha ni kilometa sitini na kitu za lami hadi mjini: mikorosho, vijiji vya Wadigo ambao wana ndugu pande zote mbili za mpaka, Mabokweni, halafu Amboni, na mashamba ya mkonge, zao lililoletwa na Wajerumani mwaka 1893, ambalo kwa miaka mingi ndilo lililouweka mji huu mdomoni mwa dunia.

Sisi tulikuwa akina mama watatu na watoto watano. Tulikwenda kumjulia hali shangazi yetu wa Ngamiani, aliyekuwa ametoka eda si siku nyingi, na hatukuichagua tarehe kwa ajili ya mpira. Shule zilikuwa zimefungwa, basi. Lakini Jumamosi ile ilikuwa tarehe 12 Agosti 2023, na kesho yake, katika uwanja wa Mkwakwani, Simba na Yanga walikuwa wakutane kuwania Ngao ya Jamii, mechi inayofungua msimu wa soka Tanzania Bara. Tangu Horohoro tulisafiri na vijana waliovaa jezi. Wanne kati yao walikuwa wa kwetu, wa Vanga, na wawili wa mbele walikuwa hawasemezani.

Msomaji wa Mombasa huenda akashangaa. Vijana wetu wa mjini hulumbana juu ya Arsenal na Manchester United hadi usiku wa manane, na ukiwauliza Bandari yetu inacheza na nani Jumamosi ijayo, wanakutazama kama uliyeuliza bei ya samaki msikitini. Lakini kadiri unavyokwenda kusini, jezi zinabadilika rangi. Kuna sababu: ligi ya Tanzania hutangazwa kwa Kiswahili, na mtu huipenda hadithi anayosimuliwa kwa lugha ya mama yake. Mpira wa Uingereza twautazama. Wa Tanzania twausikia.

Yanga ilianza mwaka 1935, Simba mwaka mmoja baadaye, na hadi 1971 Simba ilikuwa ikiitwa Sunderland. Zote mbili ni za Dar es Salaam, za mitaa ya Jangwani na Msimbazi, lakini hakuna mji wa nchi ile usiogawanyika baina yao. Wenyewe hujiita watani wa jadi, na neno hilo ni zito kuliko linavyosikika. Utani ni ruhusa ya kumwambia mwenzako maneno ambayo pasipo utani yangekuwa matusi, na ni wajibu wake kuyapokea. Bila ruhusa hiyo hatudhani ndoa nyingi za Tanga zingefika Jumatatu.

Ngamiani ni mji wa barabara zenye nambari. Hakuna haja ya kutaja majina. Unasema barabara ya kumi na mbili na mwenye baiskeli anakufikisha, na Tanga baiskeli bado ni heshima. Barabara ya 11 ni ya Coastal Union, Wagosi wa Kaya. Barabara ya 12 ni ya African Sports, Wana Kimanumanu. Tunataja hizi kwa makusudi. Mgeni anayefika siku ya Simba na Yanga anaweza kudhani Tanga haina chake, kwamba umekodisha tu uwanja wake kwa wakubwa wa Dar es Salaam. Mwaka 1988 Coastal Union ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara. Shangazi anaukumbuka mwaka huo vizuri kuliko anavyokumbuka mwaka alioolewa, na anausimulia huku akikuna nazi, bila kuinua kichwa, kama mtu anayesimulia mali ya babu. Ni mji uliozoea ushindani wa karibu. Hata taarabu yake ilikuwa na Black Star na Lucky Star, na mama zetu wa Mombasa waliotega redio zao kwa vikundi hivyo wanajua kwamba hilo nalo lilikuwa na mashabiki wake na vijembe vyake.

Jumamosi jioni, baada ya Isha, mtaa wote ulikuwa nje. Kahawa chungu, kashata, na hesabu. Kutoka kibarazani tulikokaa na watoto tulisikia kila neno la wanaume wa baraza ya ng'ambo, na jambo lililotuvutia ni kwamba hakuna aliyekuwa akijisifu. Majigambo yalikuwa ya mchana, ya sokoni. Usiku kila mtu alikuwa akihesabu upungufu wa kwake.

Yanga walikuwa na mengi ya kujivunia. Walikuwa wametwaa ubingwa misimu miwili mfululizo, na Juni ile walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, wakashinda bao moja Algiers kwenyewe, na bado wakakosa kombe kwa kuwa USM Alger walikuwa na mabao mengi ya ugenini. Lakini kocha Nabi alikuwa ameondoka. Mayele, mfungaji wao, alikuwa ameondoka. Amekuja Gamondi wa Argentina, na nani anamjua Gamondi? Mzee mmoja alisema timu iliyobadilisha kocha ni kama nyumba iliyobadilisha mpishi: vyombo ni vile vile, lakini hujui chumvi.

Simba nao walikuwa wamekaa misimu miwili bila taji la ligi, baada ya kulichukua mara nne mfululizo. Walikuwa wamesajili kwa pesa nyingi, Miquissone amerudi, na hofu yao yote ilikuwa imekusanyika langoni. Aishi Manula alikuwa majeruhi. Atakayesimama ni Ally Salim, kijana. Siku mbili tatu nyuma Simba ilikuwa imeshindwa kuifunga Singida Fountain Gate na kuvuka kwa penalti, wakati Yanga iliipiga Azam mbili bila. "Penalti ni bahati," akasema mmoja. Mwingine akamjibu kwamba si bahati, ni kijana yule, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu kujisadikisha.

Hatutaki kulidharau jambo hili, kama wengi wetu tunavyopenda kulidharau tukiwa jikoni. Mechi ya kwanza ya msimu ina uchungu wake wa pekee. Katikati ya msimu mtu anajua timu yake ni nini, ameshaizoea, ameshaisamehe. Mwanzoni hajui chochote. Ana majina mapya, picha za mazoezi, na maneno ya viongozi, ambayo tangu lini yakawa dhamana? Anaweka matumaini yake juu ya watu ishirini ambao hawajui yeye yuko duniani. Tuliwatazama wanaume wale wenye mvi, wenye wajukuu, wakizungusha vikombe vitupu mikononi, na tukaona nyuso tunazozijua kutoka kumbi za hospitali na milango ya vyumba vya mitihani.

Shangazi yetu ni Yanga. Zaidi hasa, marehemu mumewe alikuwa Yanga, na yeye aliipokea timu pamoja na mahari. Redio yake bado iko juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Msimu huu ulikuwa wa kwanza asio naye. Hakusema lolote juu ya hilo, ila Jumamosi ile tulimwona akiipangusa redio mara mbili, akabadilisha betri, akaijaribu, akaizima. Kisha akakanda unga kilo sita badala ya mbili, kwa maana mji ulijaa wageni na maandazi yake yangeuzika kabla jua halijachomoza.

Mwanawe mdogo, binamu yetu, ni Simba. Alikuwa Simba tangu utotoni, kwa kumtania baba yake tu mwanzoni, hata utani ukawa kweli. Anaendesha bodaboda. Jumapili baada ya Alfajiri, shangazi alipofungua mkebe wa maziwa ya unga ambamo kijana huweka akiba yake, akitafuta chenji ya wateja, aliukuta mtupu. Zilikuwamo shilingi elfu themanini za Kitanzania, za bima ya pikipiki na tairi la nyuma.

"Umezipeleka wapi?"

"Nimezizungusha, mama."

"Umezizungushia wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Nimeweka mkeka. Yanga anashinda."

Lazima tueleze neno hili kwa wasomaji wetu, kwani kwetu mkeka bado ni mkeka. Kule, kwa vijana, mkeka ni karatasi ya kubashiri matokeo, siku hizi ni ujumbe tu ndani ya simu; ukishinda, mkeka umetiki; ukipoteza, mkeka umechanika. Na shangazi alikuwa amekaa, asubuhi ile, juu ya mkeka wa ukindu aliousuka mwenyewe.

"Lakini wewe ni Simba," alisema. Ndilo lililomshangaza kwanza, kabla ya pesa, kabla ya haramu.

"Mapenzi ni Simba, mama. Akili ni Yanga."

"Basi leo utaomba dua gani?"

Kijana hakuwa na jibu, na sisi pia hatukuwa nalo. Hukumu ya kamari inajulikana na kila mtoto wa madrasa. Hatuhitaji kuirudia hapa. Tulichokiona siku nzima ni kitu ambacho mawaidha hayakitaji sana. Rafiki zake walipopita wamevaa nyekundu na nyeupe, wakigonga ngoma, alitoka na kurudi. Aliweka jezi, akaivua, akaiweka tena. Wenzake walikuwa na hofu moja, safi, ya kushiriki. Wanaweza kushikana mabega wakaitetemekea pamoja. Yeye hofu yake ilikuwa ya kufichwa. Simba ikifunga, tairi limekwenda. Yanga ikifunga, moyo umekwenda. Tulidhani mwenye kubashiri hupenda mpira kupita kiasi. Kwa siku ile angalau, tulimwona aliyenyang'anywa mpira wake kabla haujaanza.

Uwanjani tusingekwenda, umati ulikuwa mkubwa na watoto wadogo. Wasichana wetu wawili walilia kidogo, wakanyamazishwa kwa maandazi. Tukakaa sebuleni kwa shangazi, wanawake wa nyumba tatu, nusu ushungi wa kijani na nusu mwekundu, na kijana peke yake kwenye kiti cha baba yake. Jirani mmoja wa Simba alikuwa amekataa kukaa upande wa dirishani kwa sababu msimu uliopita alikaa upande kama huo wakafungwa. Hakuna aliyemcheka.

Sasa, mwenye kutazama Mkwakwani kwenye runinga huku yuko Ngamiani ana tatizo ambalo Mombasa hatulijui. Uwanja uko karibu mno. Picha huchelewa njiani, sijui angani sijui wapi, lakini kelele huja moja kwa moja, kwa upepo. Kila shambulio tulilisikia kabla ya kuliona. Mtaa unanguruma, na kwenye kioo mchezaji bado yuko katikati ya uwanja akifunga kamba za kiatu. Unajua kuna jambo, hujui ni lipi wala la nani, na unangoja. Shangazi alikuwa na redio kapuni, imewashwa sauti ya chini, sikioni mwake peke yake.

Dakika tisini zikaisha bila bao.

Wanawake wa kijani na wekundu wakashusha pumzi kwa pamoja. Kijana aliangalia simu yake, akaigeuza kifudifudi juu ya mkono wa kiti. Mkeka ulikuwa wa dakika tisini; sare haikuwamo. Pesa zilikuwa zimekwenda, na penalti zilikuwa bado. Tulimwona akikaa kimya kwa muda. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akatoka na jezi nyekundu, akaketi chini, juu ya mkeka, pamoja na watoto wetu.

"Fungeni dirisha," akasema jirani, "tusijue kabla."

Likafungwa. Joto likawa halivumiliki na hakuna aliyelalamika. Lakini mbao za dirisha la Ngamiani haziuzuii uwanja mzima, na kabla Ally Salim hajaruka kwenye kioo kupangua mkwaju wa Yanga, sisi tulishajua kutoka mtaani kwamba hakuna bao. Akapangua mwingine. Shangazi aliizima redio, akaiweka mapajani.

"Mama, fungua dirisha," akasema kijana.

Akalifungua mwenyewe. Simba walishinda kwa penalti tatu kwa moja, na tuliisikia ile ya mwisho ikija kutoka Mkwakwani, barabara kwa barabara, kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Binamu yetu alikuwa ameshamnyanyua mtoto mmoja juu kabla ya mpira kuonekana ukipigwa. Jirani wa Simba alilia. Shangazi alimwacha apige kelele, akamwacha azunguke sebule mara mbili, akamwacha amtanie kama alivyokuwa akimtania baba yake, maneno yale yale. Alipokwisha, alikunja kile kitambaa cha redio mara nne.

"Hongera," akamwambia. "Na tairi?"