Ndege wa Entebbe

Wasafiri wengi wanaijua Entebbe kwa ajili ya ndege za chuma, maana kiwanja kikubwa cha Uganda kipo huko. Sisi tulikwenda kuwatazama ndege wengine, wale waliopewa mabawa na Muumba mwenyewe.

Kandokando ya Ziwa Victoria, ndani ya mji, iko bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898. Eneo lake lapata hekta 40 hivi. Humo miti iliyoletwa toka nchi za mbali imesimama pamoja na mabaki ya msitu wa asili.

Tuliingia asubuhi mapema, tukaenda polepole bila kelele. Juu ya maji, mdiria mwenye madoa meusi na meupe alisimama hewani akipigapiga mabawa, mara akatumbukia kama jiwe, akatoka na kisamaki mdomoni. Majanini kwarara walichokoa udongo kwa midomo yao iliyopinda. Hawakutukimbia, kwa kuwa humo hakuna awatupiaye mawe.

Aliyetustaajabisha zaidi ni hondohondo. Wakati wa kutaga, jike huingia katika shimo la mti, na mlango huzibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba tu. Kwa ufa huo dume humlisha jike na kinda, siku kwa siku, miezi mitatu na zaidi. Basi kijana apigaye dume kwa manati hudhani ameua ndege mmoja. Kumbe amewanyima chakula waliomo shimoni.

Kasuku wa kijivu nao walipita juu wakipiga miluzi. Hao ni wa jamii moja na kasuku wa misitu yetu ya Kongo, ambao wengi walinaswa kwa ulimbo wakauzwa ng'ambo, na wengi walikufa njiani. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku hao wa porini. Lakini sheria haina macho katika kila kijiji. Asipopatikana mnunuzi, mtegaji ataacha kazi yake.

Kabla ya kuondoka tulifika Kigungu, pwani ya mji huohuo, ambapo Padri Lourdel na Bruda Amans walishuka mtumbwini tarehe 17 Februari 1879, wakileta Injili. Katika Injili hiyo Bwana wetu atufundisha kuwatazama ndege wa angani. Hakutuagiza kuwafungia tunduni. Wazazi wapenzi, Jumapili baada ya Misa wapelekeni watoto mtoni au ziwani wakawahesabu ndege, na manati yabaki nyumbani.